Konda, Suka na Mtu Aliyehesabu Ngazi

Asubuhi moja nilipandia Buguruni daladala ya kwenda Makumbusho, nikabahatika kupata siti nyuma ya suka, nikafanya jambo ambalo konda angelijua angenishusha njiani: nilimhesabu. Mpaka tunafika Ubungo alikuwa ameruka chini mara 19 na kupanda mara 19. Mara tatu kati ya hizo gari lilikuwa limekwishaondoka, analikimbiza huku kiganja kinapiga bati na noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Mara sita alijipenyeza hadi siti za nyuma kudai nauli na kurudi mlangoni. Suka, mtu wa miaka hamsini hivi, muda wote huo alisogeza miguu kwenye pedali, mkono wa gia na shingo. Tulipokwama kwenye foleni ya Tabata alilegeza mkanda tundu moja, akashusha pumzi, akamtazama kijana wake kwenye kioo.

"Wewe dogo, utakonda mpaka lini?"

"Mimi si ndiyo konda, suka," kijana akajibu bila kugeuka. Gari zima likacheka.

Hesabu ya mtu mmoja, kwenye gari moja, asubuhi moja, si utafiti. Ni umbea wenye tarakimu. Lakini zaidi ya miaka 70 iliyopita daktari mmoja wa London aliwatazama watu wawili hawa hawa, anayekaa na anayehangaika, akawafuatilia kwa maelfu. Ukienda leo kupima presha ukaulizwa na daktari, kabla hata hajafunga kile kitambaa mkononi, kama huwa unafanya mazoezi, swali hilo lina asili yake kwenye ngazi za mabasi ya jiji lile.

Daktari huyo aliitwa Jeremiah Noah Morris. Wenzake walimwita Jerry. Alizaliwa Liverpool tarehe 6 Mei 1910, katika familia ya Kiyahudi iliyokimbia mateso Poland. Hata jina la Morris, kwa masimulizi ya nyumbani kwao, walilichukua kwa nahodha wa meli iliyowaleta. Alikulia Glasgow, mji wa viwanda na moshi, na huko baba yake, msomi wa Kiebrania, alikuwa na kawaida ya kumtoa matembezi ya maili nne. Wakizimaliza ndani ya saa moja, mtoto ananunuliwa askrimu. Ukijua alichokuja kukifanya ukubwani, unashawishika kuona kila kitu kilianzia kwenye askrimu ile. Mimi siamini sana habari za namna hiyo. Glasgow ya utoto wake ilikuwa pia na watoto wenye matege kwa kukosa lishe na jua, na nadhani hilo nalo aliondoka nalo. Alifuzu udaktari London mwaka 1934, vita vikampeleka India akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1948 alikabidhiwa kitengo kidogo cha tiba ya jamii cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza.

Tatizo alilolikuta mezani lilikuwa la ajabu. Wanaume wa makamo, watu wenye kazi zao na watoto wadogo, walikuwa wanadondoka. Mtu anashika kifua, anakaa chini, basi. Vifo vya mshtuko wa moyo vilikuwa vinaongezeka mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyekuwa na maelezo ya maana. Madaktari wengi waliamini kwamba mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa ya moyo ndiyo yameongezeka. Morris akaingia kwenye makabrasha ya Hospitali ya London, ambako maiti zilikuwa zinapasuliwa na matokeo kuandikwa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, akasoma kumbukumbu za takribani miaka 40. Alichokikuta kiliwashangaza wengi: mafuta kwenye kuta hayakuwa yameongezeka. Wazee wa mwaka 1910 walikuwa nayo vilevile. Kilichoongezeka ni watu kufa kwa sababu yake. Maana yake ni kwamba uchafu ulikuwepo siku zote, ila kuna kitu katika maisha ya watu kilikuwa kimebadilika na kuufanya uue.

Kitu gani? Hakujua. Alikuwa na hisia tu kwamba huenda kinahusiana na kazi ambazo watu wanafanya. Basi badala ya kukaa wodini na wagonjwa, akaenda kuwatafuta watu wazima wenye afya mahali walipo wengi na wanapoandikwa majina: walimu, watu wa posta, na wafanyakazi wa usafiri wa jiji.

Hapa inabidi nieleze basi la London la wakati ule, maana bila hilo huwezi kuona uzuri wa jambo hili. Lilikuwa basi jekundu la ghorofa. Dereva alikuwa na kijumba chake mbele, kando ya injini, chenye mlango wake mwenyewe. Akishaingia humo hana habari na abiria, habari anazipata kwa kengele. Nyuma kulikuwa na ukumbi wazi, na kutoka hapo ngazi ya kujipinda kwenda juu. Kondakta, mashine ya tiketi kifuani na mfuko wa sarafu ubavuni, alitakiwa kukusanya nauli za chini na za juu kabla abiria hawajashuka. Akimaliza juu, chini wamekwishaingia wengine. Watu wa Morris walipanda mabasi hayo wakakaa kimya wakihesabu, kama mimi pale Buguruni, ila wao kwa utaratibu. Wakapata kwamba kondakta hupanda vidato 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Dereva, kwa asilimia kama 90 ya zamu yake, amekaa.

Ukitaka kulinganisha kukaa na kutembea, huwezi kupata jozi bora kuliko hiyo. Mwajiri mmoja, London Transport. Mishahara inayokaribiana. Mitaa ile ile, chakula kile kile, baa zile zile, moshi ule ule. Ukimlinganisha mkulima na karani wa benki, kuna mambo mia yanayowatofautisha na hutajua lipi limefanya nini. Hawa wawili waliamka saa ile ile, wakavaa sare ya kampuni moja, wakaingia kwenye gari moja, mmoja akakaa na mwingine akapanda ngazi.

Wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye miaka 35 hadi 64, waliingia kwenye hesabu. Daktari wa kampuni, P.A.B. Raffle, alikuwa mmoja wa washirika, na ruhusa za ugonjwa zilikuwa zinaandikwa vizuri, kwa hiyo kila aliyeanguka kwa moyo aliweza kufuatiliwa. Matokeo ya kwanza yalipojumlishwa yalionekana wazi mno: kwa mwaka, katika kila madereva 1,000, watu 2.7 walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa makondakta ni 1.9. Na tofauti ilizidi kuwa kali kwenye vifo. Katika kufa mapema baada ya shambulio la kwanza, kiwango cha madereva kilizidi mara mbili ya kile cha makondakta. Makondakta waliugua kidogo zaidi, na walipougua, waliugua kwa umri mkubwa zaidi na kwa unafuu.

Mwandishi wa habari angekimbilia kichwa cha ukurasa wa mbele jioni ile ile. Morris alikuwa na hofu. Mtu yeyote mwenye akili angeweza kumwambia: dereva ana presha ya barabara, anapigiwa honi, anaogopa kumgonga mtoto, huenda moyo wake unauawa na wasiwasi, si na kiti. Basi akageukia posta na utumishi wa serikali, watu wapatao 110,000. Huko hakuna anayeendesha basi. Kuna wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli, na kuna makarani na wapokea simu wanaoshinda mezani. Picha ikawa ile ile: waliotembea walipona zaidi ya waliokaa. Ndipo mwezi Novemba 1953 jarida la Lancet likachapa makala yao kwa sehemu mbili, na hata humo Morris alilitaja kama dhana inayohitaji kupimwa zaidi. Soma makala za sayansi za siku hizi, kisha rudi kwenye adabu ile, utaona tofauti.

Mapokezi yalikuwa ya shingo upande. Miaka mitatu kabla, mjini London humo humo, Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wameonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na hilo angalau watu waliliona: moshi unaingia, pafu linaharibika. Lakini kwamba kutofanya kitu kunaweza kuua? Zama hizo aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani kwa wiki kadhaa na kukatazwa hata kujigeuza mwenyewe. Moyo ulidhaniwa kuwa mashine inayochakaa kwa kutumika, kwa hiyo upumzishe. Kumwambia daktari wa wakati ule kwamba ngazi zinaulinda moyo ilikuwa sawa na kumwambia fundi kwamba injini inadumu ikikimbizwa.

Halafu kikaja kipingamizi kizuri kuliko vyote, na hapa ndipo ninapompenda Morris. Wakosoaji walisema: huenda si kazi inayomtengeneza mtu, bali mtu ndiye anayechagua kazi. Mnene, mwenye moyo dhaifu tangu mwanzo, ataomba udereva kwa sababu hawezi ngazi. Utawezaje kulijibu hilo wakati watu wamekwishaajiriwa miaka 20 iliyopita na hakuna aliyewapima uzito? Jibu lilikuwa stoo. London Transport ilikuwa inawagawia wafanyakazi sare, na ili kushona sare unahitaji vipimo vya kiuno. Daftari za mshonaji zilikuwepo. Mwaka 1956 Morris na wenzake wakachapa kwenye Lancet utafiti wa suruali, na ndani ya kichwa cha habari wakauita, kwa uso mkavu kabisa, epidemiolojia ya sare.

Ilionekana kweli kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta, na hata wakiwa vijana wanaoanza kazi. Kwa hiyo wakosoaji hawakuwa wamekosea kabisa, na Morris hakuficha hilo. Lakini alipowapanga watu kwa ukubwa wa suruali, mwembamba na mwembamba mwenzake, mwenye kitambi na mwenye kitambi mwenzake, bado kondakta alikuwa na nafuu. Dereva mwembamba hakuokolewa na wembamba wake. Sisi tuliolelewa kuona kitambi ni dalili ya kunawiri, na baadaye tukageuzwa na redio kuona kitambi ndicho ugonjwa wenyewe, tungefanya vizuri kukaa na daftari ile ya mshonaji kwa muda. Kitambi kinasema kitu. Hakisemi kila kitu.

Mwaka 1958, pamoja na Margaret Crawford, alirudi tena kwa maiti: kumbukumbu za upasuaji wa wanaume wapatao 5,000 kutoka hospitali za nchi nzima, wamepangwa kwa kazi walizozifanya wakiwa hai. Mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwa yanakaribiana, aliyebeba mizigo na aliyekaa ofisini. Makovu makubwa kwenye msuli wa moyo, yale yanayoachwa na mshtuko, ndiyo yaliyokuwa machache zaidi kwa wenye kazi nzito. Ukikumbuka makabrasha ya Hospitali ya London, duara linafunga: uchafu upo kwa wote, mwili unaochakarika unaishi nao.

Kwa nini? Sehemu kubwa ya maelezo ilikuja baadaye na mikononi mwa wengine. Damu ikipita kwa kasi kwenye mshipa, inausugua utando wa ndani, na utando huo hujibu kwa kutoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa ili utanuke. Mishipa inayotanuka mara kwa mara hubaki laini. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuhitaji insulini nyingi. Presha hushuka. Moyo wenyewe hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, ukipumzika unapiga polepole. Yote haya kondakta wa 1950 alikuwa anayafanya huku akiwaza kama chenji itatosha.

Kufikia miaka ya 1960 tatizo lilikuwa jingine. Kazi za kutembea zilikuwa zinakwisha. Barua zilipata magari, viwanda vilipata mashine, na watu walihamia mezani. Kama ulinzi ulikuwa unatoka kazini na kazi imekaa kitako, mtu ataupata wapi? Morris akawaendea watumishi wa serikali wa ofisini, wanaume karibu 17,000 wenye miaka 40 hadi 64, na mbinu yake ilikuwa ya ujanja mtamu. Jumatatu asubuhi, bila taarifa, kila mmoja alikuta fomu: andika ulichokifanya Ijumaa na Jumamosi iliyopita, kwa vipande vya dakika tano tano. Hakuwauliza kama wanafanya mazoezi. Nani angekubali kwamba hafanyi? Aliuliza Jumamosi saa nne asubuhi ulikuwa wapi. Bustanini unachimba? Bwawani? Unakwea kilima na mbwa? Au gazeti na chai?

Matokeo yalitoka mwaka 1973. Walioandika shughuli ya kuwatoa jasho kweli, ile inayokufanya uheme, walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo inayokaribia theluthi moja ya wale wengine. Wale wa kujikongoja bustanini kung'oa jani moja moja hawakupata nafuu hiyo. Miaka 17 baadaye, kwa kundi jingine la watumishi zaidi ya 9,000, aliongeza jambo ambalo huwa nalikumbuka kila nikiwasikia rika langu wakisimulia jinsi walivyokuwa mawinga wa kutisha shuleni: mpira wa ujanani haukumsaidia mtu aliyeuacha. Mazoezi hayawekwi akiba. Mchakamchaka wetu wote wa alfajiri shule ya msingi, miguu peku na vumbi hadi magotini, umekwisha muda wake.

Ng'ambo ya Atlantiki, Mmarekani Ralph Paffenbarger alikuwa anachimba shimo hilo hilo kwa upande mwingine. Aliwafuatilia wapakuzi wa bandari ya San Francisco, zaidi ya 6,000, kwa miaka 22, kisha wahitimu wa Harvard, akakuta yale yale. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka zaidi ya 40 na hajawahi kuwa mwanariadha, alianza kukimbia na akamaliza marathoni zaidi ya 100. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, wawili hao walipewa pamoja tuzo ya kwanza ya sayansi ya michezo ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Morris alikuwa na miaka 86. Naye alikwishaanza zamani kukimbia kwenye viwanja vya Hampstead Heath, wakati ambapo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mtu mwingine aliyekuwa anakimbia pale na waliomwona walidhani amerukwa na akili. Mtu yeyote aliyekimbia barabarani kwetu miaka ya 1980 bila kufukuzwa na mbwa wala mwizi anajua macho hayo. Sasa Jumapili alfajiri vikundi vya jogging vya Temeke na Kinondoni vinapita na fulana za rangi moja na vuvuzela, magari yanasubiri.

Afrika Mashariki ilikuwa na kipande chake kwenye habari hii tangu mapema. Katika miaka ya 1950 na 1960, Gerald Shaper, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa Makerere, Kampala. Mwaka 1959 yeye na K.W. Jones walichapa kwenye Lancet ulinganisho wa Waafrika na Waasia wa Uganda: kwa Waafrika wa wakati ule ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa kama haupo, kwa Waasia ulikuwa tatizo kubwa, na lehemu kwenye damu zao zilitofautiana hivyo hivyo. Yeye alitazama zaidi chakula. Baadaye akaenda kwa Samburu wa kaskazini mwa Kenya, waliokuwa wakinywa maziwa kwa malita na kutembea na ng'ombe kutwa. Alipoondoka Uganda kwenda London, alijiunga na kitengo cha Morris.

Na kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadza wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi walivishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na watafiti wa Marekani, David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao. Makala yao ya 2017 ilionyesha kwamba Mhadza hupata kwa siku zaidi ya saa mbili za shughuli ya wastani na ya nguvu. Shirika la Afya Duniani linatuomba dakika 150 kwa wiki. Mhadza anazimaliza kesho yake asubuhi. Presha zao zilikuwa nzuri na dalili za hatari ya moyo hazikuonekana. Wasomaji wa Ulaya hupenda kufanya habari hiyo ngano ya mtu safi wa porini. Mimi naona tu watu ambao hakuna aliyewaletea maji bombani.

Nasema hivyo kwa sababu kuna mtego hapa. Ukisoma mambo haya harakaharaka unaweza kumtazama mpagazi wa Kariakoo, kiroba cha kilo 90 mgongoni, ukamwambia hongera kwa mazoezi. Watafiti wa siku hizi, Andreas Holtermann wa Copenhagen akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi, wanaonyesha kwamba kazi ya mwili na mazoezi ya hiari si kitu kimoja. Uchambuzi wa 2018, uliounganisha tafiti nyingi, ulikuta wanaume wenye kazi nzito sana wakiwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenye kazi nyepesi. Anayekimbia Coco Beach anaamua lini apumzike. Mpagazi haamui. Presha yake inapanda kwa saa nane hadi kumi mfululizo, mzigo ni wa kuinua na kusimama nao, usiku ni mfupi, na kesho ni hivyo hivyo. Kazi ya kondakta wa London huenda ilimfaa kwa sababu ilikuwa ya vipande: ngazi, pumzi, ngazi, soga na abiria, na zamu yenye mwisho na likizo yenye malipo. Kipimo kilikuwa kizuri bila mtu kukipanga.

Morris, nadhani, alilijua hilo kuliko waliomsifu. Wengi wanamkumbuka kama mzee wa mazoezi, na ukarimu huo unamnyima nusu ya kazi yake. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, rafiki wa Richard Titmuss, msomi wa sera za jamii, na miaka yake ya mwisho hakuitumia kuwahimiza watu wakimbie tu. Mwaka 2000, akiwa na miaka 90, alichapa na wenzake hesabu ya namna nyingine: kijana wa Uingereza anahitaji kiasi gani cha pesa kwa wiki ili aishi kwa afya? Waliandika bei ya chakula bora, kodi ya chumba, nauli, viatu vya michezo, kiingilio cha bwawa la kuogelea, hata gharama za kukutana na marafiki, kwa sababu upweke nao unaua. Walipolinganisha jumla na malipo ambayo serikali iliyaona yanatosha, hayakutosha. Kwake hilo lilikuwa mwendelezo wa basi lile lile. Ngazi kondakta alilipwa kuzipanda. Kazi ilipoondoa ngazi, mtu alitakiwa kuzinunua kwa pesa yake na muda wake, na si kila mtu anavyo.

Aliendelea kwenda ofisini kwake katika Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London, Keppel Street, hadi karibu na mwisho. Alikuwa bado anaogelea na kukanyaga baiskeli ya mazoezi akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifariki tarehe 28 Oktoba 2009, miezi sita na kidogo kabla ya kutimiza 100. Aliwahi kuona kwa macho yake mwisho wa wale aliowahesabu: Desemba 2005, yale mabasi mekundu yenye ukumbi wazi nyuma, njia namba 159, yalimaliza safari za kawaida, na ukondakta wa aina ile karibu wote ukaishia hapo. Mwendokasi yetu ilipoanza mwaka 2016 ilianza hivyo hivyo, bila konda. Tiketi kituoni, unapita, dereva kijumbani kwake.

Tulifika Makumbusho saa tatu kasoro. Suka alishuka kwa kushikilia mlango, akanyoosha kiuno kwa mikono miwili, akakwenda moja kwa moja kwa mama wa chapati na supu. Konda alikuwa amekwishaanza kuita abiria wa kurudi. Nilipompita akakiangalia kidaftari changu.

"Mzee, wewe ni LATRA?"

Nikamwambia hapana, mimi si mtu wa mamlaka ya usafiri, ni mwandishi, naandika habari za moyo na mazoezi, na kwamba nimemhesabu ameruka mara 19. Hakushangaa. Akaniuliza kama nimehesabu tangu saa ngapi. Nikasema tangu Buguruni, saa mbili.

"Sisi tumetoka saa kumi usiku," akasema, "na gari linalala saa tano. Andika na hiyo."